Jeraha la Mtoto Lina Chanzo, na Chanzo Huonekana Mapema



Wahenga walituachia misemo miwili ambayo, ikiwekwa pamoja, hugombana. Wa kwanza unasema kwamba ajali haina kinga. Wa pili unasema kwamba kinga ni bora kuliko tiba. Katika mikutano yetu na wananchi, tumeona kwamba mtoto anapoumia, msemo wa kwanza ndio unaoshika nafasi. Mtoto akiungua kwa uji, husemwa ni ajali. Akigongwa na pikipiki akitoka shule, ni ajali. Akitumbukia katika shimo lililochimbwa udongo wa matofali na kujaa maji ya mvua, ni ajali. Majirani hukusanyika, hutoa pole, kisha kila mmoja hurudi kwake. Shimo hubaki pale pale.

Katika makala haya tunataka kuutetea msemo wa pili. Hatuna nia ya kubishana na imani ya mtu yeyote, wala ya kumwongezea lawama mzazi aliyekwisha kuumizwa na msiba. Tunataka kueleza kile ambacho watafiti wamekigundua kuhusu majeraha ya watoto na vijana, duniani na hapa kwetu Afrika Mashariki, na kwa nini ugunduzi huo unahitaji msaada wenu na wetu ili uwafae watoto wa Kashojwa.

Hesabu ya dunia

Mwezi Desemba 2008, Shirika la Afya Duniani pamoja na UNICEF yalitoa ripoti ya dunia kuhusu kuzuia majeraha ya watoto. Kwa hesabu za wakati ule, watoto wapatao 830,000 walikuwa wakifa kila mwaka kwa majeraha ambayo hakuna mtu aliyeyakusudia. Yaani zaidi ya watoto 2,000 kila siku. Barabara ziliua watoto wapatao 260,000, maji 175,000, moto 96,000, kuanguka 47,000 na sumu 45,000. Ukilinganisha idadi ya vifo na idadi ya watoto, bara la Afrika ndilo lililoumia kuliko mabara mengine.

Ripoti hiyo ilisema jambo jingine ambalo halikuenezwa sana vijijini. Ilieleza kwamba kama njia zilizokwisha kujaribiwa na kuthibitika zingetumika kila mahali, watoto wasiopungua 1,000 wangeokolewa kila siku. Njia zenyewe zinajulikana. Ni matuta barabarani, kofia ngumu, vizibo vya chupa, uzio, mifuniko ya visima na mtu mzima wa kuwaangalia watoto.

Kwa makazi yetu jambo hili ni zito. Nakivale ilifunguliwa mwaka 1958, ikatambuliwa rasmi mwaka 1960, na leo ina wakazi zaidi ya laki moja kutoka Kongo, Burundi, Rwanda, Somalia na nchi nyingine. Zaidi ya nusu ya wakimbizi waliomo Uganda ni watoto. Familia nyingi zilikimbia risasi na panga ili kuwaokoa watoto hao. Itakuwa huzuni kubwa mtoto aliyevushwa mpaka mgongoni mwa mama yake aje apotee kwa dimbwi lililo nyuma ya nyumba.

Nyakati tatu za jeraha

Mwishoni mwa miaka ya 1960, daktari Mmarekani aitwaye William Haddon, aliyekuwa kiongozi wa kwanza wa idara ya serikali ya Marekani ya usalama barabarani, alipendekeza namna mpya ya kulitazama jeraha. Alisema tusilitazame kama tukio moja la ghafla, kwa sababu lina nyakati tatu: wakati kabla ya tukio, wakati wa tukio lenyewe, na wakati baada ya tukio. Katika kila wakati kuna mambo ya kuangalia: mtu mwenyewe, kitu kinachomuumiza, na mazingira aliyomo. Tangu hapo watafiti wa dunia nzima wametumia jedwali lake.

Tuchukue mfano wa nyumbani. Tuseme mtoto wa miaka miwili amejimwagia maji ya moto. Kabla ya tukio, sigiri ilikuwa chini, sufuria ilikuwa na mpini uliotokeza upande wa njia, na mahali pa kupikia hapakuwa na kizuizi. Wakati wa tukio, maji yalikuwa yanachemka na nguo ya mtoto ilikuwa nzito, ikayashika yale maji mwilini. Baada ya tukio, mtu alimpaka dawa ya meno badala ya kumwagia maji baridi, na safari ya kwenda kituo cha afya ikasubiri hadi asubuhi.

Tazameni ni mambo mangapi yangeweza kuwa vinginevyo. Sigiri ingeinuliwa juu ya jukwaa la udongo. Mpini ungegeuzwa upande wa ukuta. Kizuizi cha fito kingetenga jiko na uwanja wa watoto. Hata kama yote hayo yangeshindikana, maji baridi yangepunguza kina cha jeraha. Kizuizi kimoja kikishindwa, cha pili husaidia. Ndiyo maana watafiti hawaulizi kwanza nani mwenye kosa. Huuliza ni wapi mnyororo huu ungekatika kwa urahisi zaidi.

Wahenga walisema mtoto akililia wembe mpe, wakiwa na maana ya funzo kwa mkaidi. Lakini mtoto wa miaka miwili si mkaidi, hajui tu. Kumtegemea ajilinde mwenyewe ni kumpa kazi asiyoiweza.

Uganda imehesabu nini?

Nchi yetu imekuwa miongoni mwa zilizotangulia katika utafiti huu barani Afrika. Daktari wa upasuaji Olive Kobusingye na wenzake walianza katika miaka ya 1990 kuandikisha kwa utaratibu majeruhi waliofikishwa hospitalini Kampala, na wakatunga kipimo cha uzito wa majeraha kinachojulikana kwa jina la Kampala, ambacho hutumika hata katika nchi nyingine zenye vifaa vichache.

Hawakuishia hospitalini, kwa sababu walijua kwamba wengi hufa kabla ya kuifikia. Walikwenda nyumba kwa nyumba katika eneo la mjini la Kawempe na eneo la mashambani la Mukono. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2001 walionyesha kwamba mjini barabara ndiyo iliyoongoza kwa kuua kati ya majeraha yote, na mashambani ni kuzama majini. Hapo tunapata somo: kila mahali pana hatari yake, na anayetumia dawa ya mji kuponya kijiji huenda akakosea. Kashojwa nayo inahitaji kuhesabiwa yenyewe.

Utafiti mwingine unatugusa sisi polisi moja kwa moja. Watafiti walipitia kumbukumbu za kuzama majini katika wilaya 60 za Uganda, kuanzia Januari 2016 hadi Juni 2018. Walisoma madaftari ya polisi wa wilaya, ya polisi wa majini, ya kikosi cha zimamoto na uokoaji, na ya vyumba vya kuhifadhia maiti. Walikuta matukio 1,435, na kati ya hayo 1,292 yalikuwa ya vifo. Asilimia 81 ya vifo hivyo vilionekana katika daftari moja tu. Kilichoandikwa polisi hakikuonekana chumba cha maiti, na kilichoandikwa chumba cha maiti hakikuonekana polisi.

Maana yake ni nini? Kama kila daftari limeona kipande tu, basi upo uwezekano mkubwa kwamba wapo waliozama ambao hakuna daftari lolote lililowaona. Mtoto aliyezama katika bwawa la kunyweshea mifugo, akazikwa jioni ile ile na majirani, hayumo katika hesabu ya taifa. Na asiyehesabiwa hajengewi uzio.

Kwa nini majeraha hufichwa

Hapa tunapaswa kusema ukweli, hata kama unatugusa wenyewe. Wazazi wengi hawafiki kituoni kwa sababu wanaogopa. Wanaogopa kuulizwa, “Ulikuwa wapi mtoto alipoumia?” kwa sauti ya kushtaki. Wanaogopa kuwekwa ndani kwa uzembe. Wengine wametoka nchi ambazo mtu mwenye sare alikuwa ndiye wa kukimbiwa, na hofu hiyo haiishi kwa sababu tu mtu amevuka mpaka. Wengine wanaogopa gharama, au hawajui lugha ya ofisa aliye zamu. Sisi polisi hatuwezi kusema kwamba hofu hii imezaliwa bure. Panapotokea ofisa aliyempokea mama aliyefiwa kwa ukali, habari zake huenea kijiji kizima, na mama wa pili hafiki.

Matokeo yake ni mabaya mara mbili. Kwanza, mtoto hucheleweshwa kupata matibabu, kwani familia huanza kutafuta njia ambayo haitazaa maswali. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Pili, chanzo cha jeraha hubaki pale pale kikimsubiri mtoto wa jirani.

Tunaomba ieleweke hivi. Matibabu hayasubiri fomu ya polisi. Mtoto aliyeumia apelekwe kwanza kituo cha afya. Taarifa itolewe baadaye, na inaweza kutolewa na ndugu, jirani, mwenyekiti wa LC1, mjumbe wa kamati ya ustawi wa wakimbizi au mhudumu wa afya wa kijiji. Wala hatutawadanganya kwa kusema kwamba hatutauliza maswali yoyote. Sheria inatutaka tumlinde mtoto, na pale penye dalili kwamba amepigwa, amechomwa kwa makusudi au ametumikishwa kazi ya hatari, tutachunguza. Lakini mzazi aliyekuwa kisimani wakati mtoto wake alipoangukia jiko ni mzazi aliyepatwa. Anahitaji kusikilizwa, na sisi tunahitaji kujifunza kutoka kwake ili jirani yake asipatwe.

Kwa sisi tunaoishi karibu na mpaka kuna jambo la ziada. Mtoto anaweza kuumia upande huu na kutibiwa kwa ndugu upande wa Tanzania, au kinyume chake. Jeraha la namna hiyo hupotea katika hesabu za nchi zote mbili. Tafadhali litajeni, hata kama mtoto amekwisha kupona.

Barabara: somo kutoka Dar es Salaam

Shirika la Afya Duniani linasema kwamba majeraha ya barabarani ndiyo yanayoongoza kwa kuua watu wenye umri wa miaka 5 hadi 29. Hapa Uganda, taarifa za mwaka za Jeshi la Polisi zinaonyesha vifo 4,806 barabarani mwaka 2023, na vifo 5,144 mwaka 2024. Idadi inapanda.

Je, kuna mahali ambapo imeshushwa? Upo mfano wa jirani. Jijini Dar es Salaam, shirika liitwalo Amend lilichagua shule za msingi ambazo wanafunzi wake walikuwa wakiumia sana wakienda na kurudi. Halikuanza kwa kuhutubia. Lilianza kwa kuuliza nyumba kwa nyumba ni watoto wangapi waliogongwa, wapi, na saa ngapi. Kisha likarekebisha njia zenyewe: njia za waenda kwa miguu zikatengwa, matuta yakajengwa, vivuko vikachorwa, alama zikasimikwa, na lango la shule likahamishwa pale ilipobidi lisifungukie barabara kuu. Baada ya hapo watoto wakafundishwa kuvuka. Shule hizo zilipolinganishwa na shule nyingine ambazo hazikuguswa, majeraha yalikuwa yamepungua kwa asilimia 26. Mwaka 2019 mpango huo ulipata tuzo ya kimataifa ya miji.

Somo si lazima liwe na lami. Hata kwenye barabara ya vumbi, gari na pikipiki hupunguza mwendo penye tuta la udongo lililoshindiliwa vizuri na kuwekewa alama. Mawe yaliyopakwa chokaa yanaweza kutenga njia ya watoto. Nchi zilizokutana Stockholm mwaka 2020 zilipendekeza mwendo usiozidi kilomita 30 kwa saa mahali ambapo magari na watu hutumia njia moja. Barabara ipitayo sokoni na mbele ya shule ni mahali pa namna hiyo hasa. Tunaomba kamati za shule zituandikie, zikieleza mahali mahususi wanapovuka watoto, ili suala hilo tulifikishe kwa wahandisi wa wilaya ya Isingiro likiwa na ushahidi.

Kuhusu pikipiki tuna maneno mawili. La kwanza ni kofia ngumu. Uchunguzi uliokusanya tafiti nyingi za nchi mbalimbali ulionyesha kwamba kofia ngumu hupunguza hatari ya kufa kwa mwendesha pikipiki kwa asilimia 42, na hatari ya kuumia kichwa kwa asilimia 69. Sheria inamtaka dereva na abiria wote wawili waivae. Kofia iliyotundikwa kwenye usukani hailindi kichwa, na kofia ambayo ukanda wake haukufungwa hung'oka kabla ya kichwa kufika chini.

La pili ni mishikaki, yaani kupakia watoto watatu au wanne juu ya pikipiki moja kuwapeleka shule. Tunajua kwa nini wazazi hufanya hivyo: njia ni ndefu na fedha ni chache. Lakini mtoto wa mwisho hana pa kushika, na wa mbele yuko juu ya tangi, mbele ya dereva, ambapo kifua chake ndicho kitakachokutana na usukani. Watoto wanaokaa njia moja wanaweza kutembea kwa kundi, wakiongozwa na mtu mzima kwa zamu. Njia hiyo haina nauli, na inafaa zaidi watoto wadogo.

Na ninyi vijana waendeshaji bodaboda, hatuwahesabu kuwa wahalifu. Ninyi wenyewe mko katika umri unaouawa zaidi na barabara. Tunawaomba mlinde maisha yenu pamoja na ya abiria wenu.

Maji: mlezi mmoja asubuhi

Nchini Bangladesh, ambako madimbwi yapo karibu na kila nyumba, watafiti waligundua kwamba watoto wadogo wengi walizama hatua chache tu kutoka mlangoni mwao, na zaidi asubuhi hadi mchana, wakati mama alikuwa akipika, akifua au akichota maji. Hakuna aliyesikia kelele, kwa kuwa mtoto mdogo hazami kwa kelele. Huzama kimya, na kwa dakika chache tu.

Walipolijua hilo hawakujaribu kufukia madimbwi yote ya nchi. Waliweka vituo vidogo vya kulelea watoto wa mwaka mmoja hadi mitano, ndani ya vijiji, kwa saa zile za asubuhi tu. Mama mmoja aliyefunzwa na msaidizi wake waliwaangalia watoto wa majirani. Vifo vya kuzama kwa watoto waliohudhuria vilipungua kwa zaidi ya asilimia 80. Leo Shirika la Afya Duniani linapendekeza njia hiyo kwa nchi nyingine.

Kashojwa tunalo Ziwa Nakivale jirani, na yako mashimo ya udongo, visima, mapipa na mabeseni ya maji nyumbani. Kina mama wanaokwenda shambani kwa zamu wanaweza kuanza bila kusubiri mradi: nyumba tano, mlezi mmoja kwa siku, uwanja uliozungushiwa fito. Aliyemaliza kuchimba udongo wa matofali alifukie shimo au alizungushie miiba. Pipa la maji lifunikwe kwa kifuniko kizito, na beseni likishatumika limwagwe. Watoto wasitumwe ziwani peke yao kuchota maji wala kuvua. Vijana wavuvi wavae jaketi la kuokolea, kwani utafiti ule wa wilaya 60 ulionyesha kwamba katika wilaya za kandokando ya maziwa, wengi wa waliokufa huku shughuli yao ikijulikana walikuwa katika safari ya mtumbwi au boti.

Mkiona mtu anazama, msijitose kumfuata kama hamkufunzwa, maana tumewahi kusikia mara nyingi habari za ndugu wawili kuzikwa siku moja. Mrushieni kamba, mti mrefu, au dumu tupu lililofungwa kizibo. Dumu huelea na linaweza kumshikilia mpaka afike msaada. Akitolewa majini asining'inizwe kichwa chini. Kama hapumui, mtu anayejua ampulizie pumzi mara moja, huku mwingine akiita usafiri.

Moto na sumu: chupa ya soda

Miongoni mwa mambo rahisi kabisa yaliyothibitishwa na utafiti ni kizibo. Nchini Afrika Kusini, watoto wengi walikuwa wakinywa mafuta ya taa kwa kuyadhania ni maji au soda. Watafiti waligawa vyombo vyenye vizibo ambavyo mtoto hawezi kuvifungua, na matukio yakapungua kwa karibu nusu. Utafiti huo ulichapishwa mwaka 1994. Hakuna aliyehitaji kuwa tajiri ili kunufaika nao.

Hapa kwetu mafuta ya taa, dawa ya kunyunyizia mahindi na migomba, na dawa ya mifugo huuzwa kwa kiasi kidogo na kubebwa katika chupa za soda. Mtoto aliyefundishwa tangu utoto kwamba chupa ile ina kitu kitamu hana kosa akiinywa. Tunawaomba wenye maduka wasipime sumu katika chupa za vinywaji, na wazazi waitundike juu, ndani ya kisanduku kilichofungwa. Mtoto akinywa mafuta ya taa au dawa ya shambani, asilazimishwe kutapika wala kunyweshwa maziwa kwa nguvu. Akimbizwe kituo cha afya pamoja na chupa yenyewe, ili mganga ajue ni sumu gani.

Kuhusu kuungua, jambo la kukumbuka ni moja: maji safi ya baridi yanayotiririka, kwa dakika 20. Dumu lililotobolewa linatosha. Msipake dawa ya meno, unga, mafuta ya kupikia wala udongo. Ondoeni nguo na shanga zilizo karibu na jeraha, isipokuwa zilizogandamana na ngozi. Kisha funikeni kwa kitambaa safi na mwende kwa mganga. Majeraha makubwa hupelekwa Hospitali ya Rufaa ya Mbarara, ambayo pia ni hospitali ya mafunzo ya Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Mbarara. Lakini safari hiyo ni ndefu, na kinachofanyika nyumbani katika dakika 20 za mwanzo hakiwezi kurudishwa nyuma na daktari yeyote.

Maswali matano tunayoomba myajibu

Tumeeleza kwamba kila hatua iliyofanikiwa, Dar es Salaam, Bangladesh na Afrika Kusini, ilianza na kuhesabu. Kijiji chetu kinaweza kuhesabu. Mtoto au kijana akiumia kiasi cha kuhitaji matibabu, au akipoteza maisha, mwenyekiti wa kijiji au mhudumu wa afya aandike mambo matano katika daftari la kawaida la shule. Ana umri gani, na ni wa kike au wa kiume? Aliumia wapi hasa? Ilikuwa siku gani na saa ngapi? Alikuwa akifanya nini, na nini kilimuumiza? Na baada ya hapo alisaidiwa vipi, na baada ya muda gani?

Jina si lazima. Lugha yoyote inafaa: Kiswahili, Kinyarwanda, Kirundi, Kisomali au Runyankore. Kila baada ya miezi mitatu, daftari hilo lisomwe katika mkutano wa kijiji, polisi jamii wakiwapo. Kama watoto watatu wameumia katika kona moja ya barabara, mkutano utajua tuta liwekwe wapi. Kama wawili wameungua saa ya jioni, tutajua ni saa gani ya kuomba vijana wakubwa wawaangalie wadogo. Hapo ndipo utafiti unapotoka vyuoni na kukaa uwanjani kwetu.

Nasi kwa upande wetu tunawajibika kuandika kila taarifa inayofikishwa, kumpokea mzazi kwa heshima, kumtafutia mtu wa kumfasiria lugha, na kuilinganisha orodha yetu na ya kituo cha afya, ili kisipotee kifo hata kimoja kati ya daftari na daftari. Mwananchi ambaye hakupokelewa hivyo ana haki ya kumwona mkuu wa kituo au ofisa uhusiano na kulalamika, na malalamiko hayo nayo ni taarifa.

Kwa msaada wa dharura pigeni 999 au 112. Kwa jambo lolote linalohusu ulinzi wa mtoto, pigeni 116, simu ambayo haitozwi malipo.

Tunawaomba kila mmoja, leo kabla ya giza kuingia, azunguke nyumba yake mara moja na kutazama kwa macho ya mtoto wa miaka miwili: jiko liko wapi, chupa iko wapi, maji yako wapi, njia iko wapi. Atakachokiona na akirekebishe. Asichoweza kukirekebisha peke yake, akilete mkutanoni.